Maharagwe ya Kando ya Choma

Vijana wangu, hongereni sana. Naona siku hizi mkialikana choma mnafika na aproni mpya, koleo refu, spika kubwa kuliko jiko lenyewe, na maharagwe ya mkebe. Mkebe unafunguliwa, unamiminwa kwenye bakuli, bakuli linaingia kwenye maikrowevu, kisha mtu mzima anasimama mbele ya wenzake kusema yeye ndiye aliyeshughulikia maharagwe. Mungu azidi kumbariki. Kufungua mkebe nako ni kazi, na kuna watu wamekatwa vidole.

Mimi nimepika maharagwe ya kando ya nyama kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Kando, ndiyo, najua mahali pangu. Hakuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwake akasema anaenda Kenyatta Market hapa Nairobi kula maharagwe. Wote walikuja kwa ajili ya mbuzi. Mwanamume aliyechoma mbuzi aliulizwa jina, akanunuliwa soda, akapigwa bega na watu wenye suti. Mimi niliulizwa swali moja tu: "Mathe, madondo zimebaki?" Na hayo maharagwe yalikuwa hayajabaki, kwa sababu walikuwa wameyamaliza.

Naandika haya kwa sababu binti yangu Mwende ameniomba niwaachie nyinyi maarifa kabla sijasahau. Alisema kwa heshima, kama mtu anayeulizia funguo za nyumba. Basi nitawaeleza ninavyopika maharagwe matamu yenye pilipili, na nitawaeleza pia siku niliyopika sufuria moja kwa ajili ya Mwende mwenyewe, wakwe wakiwa njiani, ilhali ulimi wangu haukuwa ukionja kitu chochote. Siku hiyo tutaifikia. Kwanza tuchague mawe.

Mnacheka. Mawe yapo. Mimina maharagwe kwenye uteo, kaa kwenye mwanga, na utumie macho uliyopewa. Usiniambie ya supamaketi yamesafishwa. Mwenye supamaketi hatakulipia jino. Mimi hupenda yale madogo meupe yakipatikana, au ya njano. Yale makubwa mekundu waachieni walimu wakuu. Naelewa kwamba wengi wenu mlisoma bweni, na mkisikia neno maharagwe mnaona foleni, sahani ya plastiki, na yule mdudu mliyekula naye. Poleni. Lakini hayo hayakuwa maharagwe, ilikuwa adhabu iliyochemshwa.

Loweka usiku, chemsha asubuhi, na usitie kitu kingine chochote mpaka yalainike. Narudia kwa ajili ya yule aliye kwenye simu: kitu chochote. Si nyanya, si sukari, si siki. Maharagwe yakionja uchachu au sukari kabla hayajaiva yananuna, na yakinuna hayabembelezeki. Chota machache kwenye kijiko uyapulize. Ngozi ikipasuka na kujikunja, yako tayari kusikia mambo yako. Isipojikunja, rudi ukakae, nyama yenyewe bado inatafutwa.

Hilo sikulijua nilipoanza. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kwenye mkahawa mmoja karibu na Adams Arcade, mahali ambapo baadaye pamekuwa duka la simu, kisha la dawa, kisha la simu tena. Bosi wetu alikuwa amekaa ng'ambo kidogo, akarudi na koti la ngozi na hamu ya maharagwe matamu. Kule, alituambia, nyama ya kuchoma haifiki mezani bila maharagwe yaliyookwa, matamu, yenye pilipili. Sisi wapishi tulitazamana. Kwetu sukari ilikuwa ya chai, na mtu akiitia kwenye maharagwe tungemtafutia pasta amwombee. Alipochoka kununua ya mkebe aliniita akasema, "Nduku, wewe ni Mkamba. Nyinyi mnajua maharagwe. Tengeneza." Hivyo ndivyo nilivyopata utaalamu wangu, kwa kabila.

Nilitia kila kitu mara moja, maharagwe makavu, nyanya, siki, sukari, haradali na pilipili, nikafunika nikaenda kumenya viazi. Wateja wa mchana walipofika, maharagwe yalikuwa na rangi nzuri ajabu na ugumu wa kokoto. Mteja mmoja alitema moja kwenye sahani na sahani ikalia. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya friji nikingoja kufutwa. Bosi akatokea na koti lake, akamwambia mteja kwamba ng'ambo ndivyo yanavyoliwa, yanaitwa ya kutafunwa. Mteja aliinamisha kichwa kama mtu aliyeelimishwa. Meza ya pili ikaagiza sahani mbili zaidi.

Nilikaa pale mpaka nilipoona kwamba mahali ambapo kosa linasifiwa hakuna atakayenifundisha kitu. Nikaenda Kenyatta Market kwa Mama Njoki. Alikuwa na kibanda katikati ya saluni na majiko ya choma, mahali ambapo ukisimama vibaya unaweza kusukwa nywele huku unauziwa mbavu. Mama Njoki alikuwa mwanamke mfupi kutoka upande wa Dagoretti, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kana kwamba kuna mtu aliyetishia kukiiba. Nilimwambia najua kupika maharagwe ya kizungu. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema Adams. Akacheka mpaka wasusi wakatoka kuangalia.

"Wewe msichana wa Adams," aliniambia, "maharagwe ni mgeni. Mgeni akifika unamwacha akae, akunywe maji, alainike. Halafu ndio unamwambia shida zako. Wewe umemwambia kwa gate."

Kwa Mama Njoki hakukuwa na jiko la kuokea, na ndiyo maana nawashangaa nyinyi mnaoniambia hamwezi kuoka kwa sababu nyumba ya kupanga haina oveni. Weka sufuria kwenye jiko lenye moto mdogo, funika kwa kifuniko bapa, halafu panga makaa mekundu juu ya kifuniko. Makaa mengi juu, machache chini. Ukigeuza mpango huo, utapata maharagwe yaliyoungua chini na yanayolia maji juu, na utamlaumu mtu wa mkaa. Ukipatia, mchuzi unashika, juu panafanya ngozi nyekundu inayong'aa, na kando ya sufuria panabaki ule ugando mtamu ambao watu wenye adabu hujifanya hawauoni mpaka wenzao wageuke.

Utamu wake ulitoka kwa sukari nguru, ile ya kahawia inayouzwa kwa mapande, kwa sababu ina moshi na uchungu kidogo ndani yake na haipigi kelele kama sukari nyeupe. Moto ulitoka kwa tangawizi nyingi na pilipili kali iliyopasuliwa mara moja tu. Halafu kulikuwa na mafuta. Mbavu za mbuzi zikikaribia kuiva, Mama Njoki alifunua sufuria akaisukuma chini ya ukingo wa wavu, mafuta yakadondoka humo tone kwa tone. Miaka ya karibuni alikuja dada mmoja mwembamba asiyekula nyama akaniuliza kama maharagwe yangu yana nyama. Nikamwambia ukweli, kwamba hayana, nyama imepita tu juu yake. Alikula sahani mbili. Sijui kama ametubu.

Kitu changu mimi kilikuwa ukwaju. Kwetu Kitui unaokotwa bure, na mama yangu alikuwa akinitumia mfuko kila msimu. Siku moja siki iliisha nikatia maji ya ukwaju. Mama Njoki alinusa akauliza kama nimeleta ya kusafishia sufuria. Halafu akaonja. Yeye alikuwa akidondoshea kiganjani, kamwe si kulamba mwiko, kwa sababu alisema mwiko ukirudi sufuriani na mate yako, hayo si mapishi tena, ni undugu. Akaonja mara ya pili. Akaenda akamwaga siki iliyokuwa imebaki kwenye chupa. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata, na nilitembea nayo mpaka nyumbani Kabiria kama nimevikwa taji.

Mama Njoki alipozeeka aliniachia kibanda na sufuria. Nikawa mimi sasa ndiye Mathe, nikawa mimi ndiye ninayewacheka wasichana wa Adams. Nilionja kiganjani maelfu ya mara, kile kiganja changu kingekuwa ardhi kingekuwa na rutuba. Ulimi wangu ulijua ukwaju wa msimu huu na wa msimu uliopita. Ulijua kama mtu wa mkaa ameniuzia mti mbichi. Msidhani najisifu, mwanamuziki akisema ana masikio hamumkatazi.

Basi nikaugua homa, homa ya kawaida ya kulala na blanketi mbili. Homa ikaondoka ikabeba ulimi wangu na pua. Chai ikawa maji ya moto, kitunguu kikawa kitu cha kutoa machozi bila faida. Daktari aliniambia ladha inaweza kurudi. Fundi wa maji pia husema hivyo. Haikurudi. Nilipika miezi kadhaa kwa macho na masikio, kwa sababu maharagwe yaliyo karibu kushika hutoa sauti nzito, polepole, kama mzee anayepanda ngazi. Wateja hawakujua. Lakini kila siku niliogopa. Ilinihuzunisha sana, sitalipamba hilo. Nikauza kibanda, nikamwambia mume wangu, na Mwende, na wote waliouliza, kwamba ni magoti. Magoti yangu hayana shida yoyote. Yangeweza kucheza mpira.

Sasa ndio tumefika kwa siku ile.

Mwende alileta habari kwamba Kimani, kijana mpole wa kazi ya kompyuta, anataka kuleta wazazi wake kutoka upande wa Limuru waje wajue nyumbani. Kwa desturi ya kwao hiyo ni ziara ya kwanza, ya kuonana tu na kujua mlango, kabla ya mazungumzo yenyewe. Ya kuonana tu, yaani kila kitu kinaangaliwa, kuanzia mapazia. Mume wangu alinunua mbuzi siku hiyo hiyo. Mwende akakaa karibu nami akiwa na uso wa mtu aliyevunja kikombe.

"Mum, usikasirike. Mamake Kimani alikuwa anasukwa Kenyatta Market kitambo. Alikuwa anakulia madondo zako kwa saluni. Sasa amesema yeye nyama si neno, yeye anakuja kwa hiyo maharagwe."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia atapata."

Kumbukeni huyu ni Mwende, ambaye hali maharagwe. Alilelewa kwa yale niliyomfichia sokoni kabla wateja hawajayamaliza, jioni baada ya jioni, na siku alipoanza kupata mshahara wake aliapa mbele ya friji kwamba hayatapita tena mdomoni mwake. Na huyo ndiye aliyekwenda kuahidi. Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Lakini alikuwa amenitazama kama zamani aliponiletea sare iliyopasuka, akijua kwamba nitaishona. Nikasema sawa. Basi mjue nilichokuwa nacho mkononi: mgeni mmoja aliyeomba chakula kimoja, binti yangu anayetaka kuingia nyumba ya mgeni huyo akiwa ameinua kichwa, na mpishi asiyeweza kutofautisha asali na dawa ya meno.

Siku yenyewe alifika wifi yangu Kalunde, dada ya mume wangu, kutoka Mwingi. Kalunde ni mtu wa kusaidia. Ukimwona anakunja mikono ya blauzi, ficha vitu. Alipoona maharagwe yakichemka alishika kiuno.

"Wakwe wapewe maharagwe? Mama Mwende, kwani wamekuja kufungua shule?"

"Wameyaomba wenyewe, wifi."

"Mgeni akiomba maji unampa maziwa," alisema. "Na haya hata hayataiva. Ni magumu. Mimi nayaona kutoka hapa."

Nilimwacha akiyaona nikaenda kubadilisha nguo. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba na mbuzi wake, amezungukwa na majirani watatu waliokuja kumsaidia kusimama. Niliporudi, maharagwe yalikuwa yamelainika vizuri mno. Nikapuliza kijiko, ngozi zikaruka zenyewe. Nikafurahi kama mjinga. Nikatia kitunguu kilichokaangwa, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, sukari nguru, kisha nikachukua bakuli la ukwaju nikamimina.

Sufuria ikainuka. Povu la kahawia lilipanda kana kwamba lina miadi mahali, likafika ukingoni, likamwagika kwenye jiko, makaa yakafoka na moshi mweupe ukafunika ua mzima. Mume wangu akapaza sauti kutoka kwa mbuzi, "Kwani huko mnafua?"

Mikono yangu ikajua kabla yangu. Nilisimama na bakuli tupu nikamtazama Kalunde.

"Wifi, umetia magadi?"

"Kidogo tu. Kuyasaidia."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko."

"Cha chai?"

Akaangalia upande wa choo. "Cha mchuzi."

Mnajua magadi. Kwetu yanalainisha kila kitu, mahindi, mboga, hata mioyo. Lakini ukitia uchachu juu yake yanachemka kama mashtaka, na ukitia mengi chakula kinakuwa cha kuogea. Mwende akatoka ndani mbio, amevaa gauni lake la kitenge na kope za kubandika. Akaona povu. Akaniona mimi. Nikafanya nilichokuwa nimefanya maisha yangu yote: nikachota, nikadondoshea kiganjani, nikaonja mbele yake, nikasema bila wasiwasi, "Hakuna shida. Yako sawa."

Mwende akachukua kijiko kutoka mkononi mwangu. Miaka ile yote alikuwa hajagusa maharagwe, akayaweka mdomoni. Uso wake ukajikunja.

"Mum, hii ni sabuni."

Akaangalia kiganja changu, akaniangalia usoni, na nikaona akipanga mambo kichwani moja baada ya jingine, kibanda nilichouza, chai ninayokunywa bila kuuliza kama ina sukari, pilipili niliyomlisha baba yake Krismasi akalia.

"Tangu lini?" akauliza polepole.

"Tangu ile homa."

"Na ukasema ni magoti."

"Ningesema nini? Magoti yana heshima."

Hakulia, kope zile haziruhusu. Lakini alinishika mkono ule ule wenye mchuzi akaubana, na nikahisi aibu na nafuu vikija pamoja, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana mbele ya watu. Kisha akauliza kama tutamwaga. Nikamwambia mpishi wa Kenyatta Market hamwagi. Nikawasha makaa upya. Kalunde tukamtuma akachunge mapazia.

"Simama hapa," nikamwambia Mwende. "Leo wewe ndiye ulimi. Onja, na usiniambie nzuri au mbaya. Niambie iko wapi."

"Iko wapi aje?"

"Mdomoni. Mbele, kando, au kooni?"

Akafumba macho. "Kooni. Inateleza."

Hayo yalikuwa magadi. Nikatia ukwaju kidogo kidogo, nikikoroga, nikitazama povu. Povu likipanda, magadi bado yapo yanabishana. Nikatia tena, likapanda kidogo. Nikatia tena, likanyamaza kabisa. Chumvi sikutia hata chembe, kwa sababu vita ile huacha chumvi yake.

"Sasa?"

"Sasa iko kwa taya. Kando. Inavuta."

Uchachu. Pande la sukari nguru, lililopondwa, na dakika za kuliacha liyeyuke bila kuguswa.

"Sasa?"

"Mbele ya ulimi. Tamu. Ni poa lakini ni kama... imelala."

Imelala! Nilitaka kumkumbatia. Kuna wapishi wanaolipwa kwenye mahoteli ya katikati ya mji ambao hawajawahi kujua kwamba chakula chao kimelala. Tangawizi mbichi, ikakunwa pale pale, na pilipili nyingine. Nikamweleza kwamba utamu ufike kwanza, ukae, mtu aanze kujiamini, halafu moto ufike umechelewa kama mgeni wa Nairobi aliyekwama barabarani. Akaonja, akasubiri, akahesabu kimya kwa vidole. Halafu macho yakamtoka, akakohoa, akaanza kucheka.

"Imefika, Mum. Imepata jam lakini imefika."

Tukapeleka sufuria chini ya mbavu za baba yake ipate mafuta, tukaifunika, tukapanga makaa juu ya kifuniko. Tukawa tumekaa kwenye vigoda, nguo zetu za wageni zikinuka moshi, wakati magari yaliposimama nje na wanawake wakaanza kuimba mlangoni. Kalunde alikimbia kujibu wimbo. Katika hilo nampa haki yake, ana sauti.

Mama Kimani alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyebeba kiondo cha sukari, unga na majani ya chai kama desturi inavyotaka. Baada ya maombi marefu, mume wangu alikata mbuzi kwa madaha ya daktari wa upasuaji, watu wakampigia makofi kama kawaida. Mama Kimani akapita nyama ile kama hajaiona. Akafunua sufuria yangu, akavunja ile ngozi nyekundu ya juu, akajipakulia, akakaa. Mwende alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na vidole vyake vilikuwa begani mwangu. Mama Kimani akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Akaweka kijiko chini.

"Mama Mwende," akasema, "hii si ile ya soko."

Vidole vikanifinya mpaka mfupa.

"Ile ya soko ilikuwa tamu sana, nilikuwa natoka na rola kwa kichwa nakuja kuongezewa." Akachukua kijiko tena, akakwangua ugando wa kando ya sahani bila kungoja mtu ageuke. "Lakini hii iko na kitu ile haikuwa nayo. Ni nani amepika hii?"

Ningeweza kusema ni mimi, na hakuna ambaye angebisha. Lakini nilikuwa na jibu la kweli na lilikuwa zuri zaidi.

"Mimi nimekoroga tu," nikasema. "Aliyeonja ni Mwende."

"Mwende?" Mama Kimani akamtazama binti yangu kutoka kope mpaka viatu, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Kimani, umesikia? Hii sufuria hatuiachi Kabiria."

Watu wakacheka, Kalunde akapiga kigelegele, na siku hiyo hiyo akaanza kuwaeleza wageni kwamba siri ni magadi. Mpaka leo anaeleza. Kuna nyumba nzima za Limuru ambako watu wanaogea maharagwe kwa ajili yake, na mimi sijamkatiza, kwa sababu ushindani si mzuri kwa biashara.

Biashara ni ya Mwende sasa. Wikendi anapika kwa ajili ya choma za watu, nyinyi hao hao wenye aproni, na nimesikia mnamuuliza anatumia mkebe gani. Anapikia hapa kwangu, kwa sufuria ya Mama Njoki, na bado anasema hapendi maharagwe, ila anayaonja tu, kikazi. Vitambi vingi vimeanza kikazi.

Kabla ya kufunika sufuria huniletea kijiko. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kitini karibu na dirisha, akadondosha kiganjani mwangu akasimama akisubiri. Nikaonja. Nikafikiri kwa muda unaomfaa mtu mwenye ujuzi wangu. Nikamwambia, "Ukwaju kidogo."

"Sawa, Mum," akasema.

Akaenda nje kwenye jiko. Akachukua mwiko akakoroga taratibu, akageuza mgongo, akangoja. Chupa ya ukwaju ilikuwa kwenye meza, imefunikwa, na hakuigusa. Ulimi wangu umestaafu, vijana wangu, lakini macho bado yanaripoti kazini kila asubuhi. Akarudi na kijiko kutoka sufuria ile ile, akanidondoshea tena kiganjani.

Nikaonja.

"Eeh," nikamwambia. "Sasa yamekuwa sawa."